Diski ya Harusi ya Maimuna

Kengele ya mwisho ilipolia, Shaima hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alikata Mtaa wa Msimbazi, akawakwepa wapagazi waliobeba marobota ya vitenge na wamachinga waliotandaza bidhaa zao hadi katikati ya njia, kisha akaingia kwenye jengo moja refu la Kariakoo na kupanda ngazi hadi kwenye duka la Ami Talha, mdogo wake baba yake. Mama yake alikuwa na meza ya kuuza madira mtaa wa pili, na kila siku Shaima alimsubiri hapo dukani mpaka jioni, warudi nyumbani pamoja.

Duka lenyewe lilikuwa dogo, meza mbili na viti vitatu tu. Watu walileta kanda za video na DVD za zamani: harusi, maulidi, mahafali, hotuba za wazazi waliokwisha kufa. Wengi wao hawakuwa tena na mashine za kuzichezesha. Ami Talha na fundi wake, kijana mmoja mrefu aitwaye Filbert, walizihamishia kwenye flashi ili wenyewe wazitazame kwenye simu na televisheni zao.

Shaima alikuwa darasa la saba, na alikuwa mwepesi wa kushika mambo. Filbert alimfundisha kazi pale wateja walipokuwa wachache.

"Diski ikishachakaa haifai kuchezwachezwa," alimweleza siku moja. "Tunainakili yote kama ilivyo, inakuwa faili moja kubwa. Faili hilo ni pacha wa diski. Halafu programu hii inatutengenezea draivu hewa."

"Draivu hewa!" Shaima akacheka.

"Hujapata kusikia wafanyakazi hewa? Jina lipo, mtu hayupo. Na draivu hii huwezi kuishika, lakini kompyuta inaamini ipo. Tunalipachika faili letu humo, kompyuta inaona diski imeingia. Tukimaliza kutazama, tunabofya hapa, inatoka. Na flashi vilevile, usiichomoe kabla hujaiaga. Mimi nilishaichomoa ghafla mara moja, harusi ya watu ikaharibika. Ami yako mpaka leo hajasahau."

Kisha akamwambia jambo alilokuwa akilirudia kila mara. "Kunakili peke yake si kazi iliyokwisha. Pachika, utazame mwanzo hadi mwisho kwa macho yako mwenyewe. Ndipo useme tayari."

Siku moja, baada ya mvua kubwa za masika, aliingia mama mmoja mtu mzima aliyejifunga khanga juu ya baibui. Alikuwa akihema kwa sababu ya ngazi. Shaima alimpa kiti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akafungua kitambaa alichokuwa amekishika kwa mikono miwili. Ndani yake kulikuwa na DVD moja iliyopakaa matope pembeni.

Mama huyo aliitwa Bi Nunu. Alikuwa akiishi na mumewe, Mzee Abdulhamid, bonde la Jangwani. Maji yalipoingia ndani mpaka kufika dirishani, majirani waliwatoa wao wawili wakiwa hai, lakini vyombo, vitanda na albamu zote za picha vilikwenda na maji. Sasa walikuwa wamehifadhiwa Magomeni, kwa dada yake Bi Nunu.

"Hii niliikuta kwenye tope, chini ya kabati lililoanguka," alisema. "Ni harusi ya binti yetu, Maimuna. Alifariki mwaka uliofuata, akijifungua. Hatuna picha yake nyingine hata moja. Baba yake alipata kiharusi baada ya mafuriko, macho nayo hayaoni vizuri. Anataka kumsikia tu. Siku ile ya harusi, Maimuna alishika kipaza sauti akasema na baba yake. Mzee anaililia sauti ile usiku na mchana."

Ami Talha aliiinua diski kwenye mwanga wa dirisha. Utando wake ulikuwa umeanza kubanduka upande mmoja, kama rangi ya ukuta uliolowa.

"Mama, sikufichi," alisema. "Hali yake ni mbaya. Lakini tutajaribu."

Kesho yake Filbert aliisafisha diski kwa kitambaa laini, akaiweka kwenye mashine na kuanza kuinakili. Mara simu ikaita: mteja wa Gerezani alitaka fundi haraka. Ami Talha naye alikuwa na miadi benki.

"Shaima, leo kazi hii ni yako," Filbert alisema akivaa begi lake. "Mashine ikikutana na sehemu isiyosomeka, itasimama ikuulize. Bofya hapa, ijaribu tena. Itachosha, maana itauliza mara nyingi. Usibofye hili la kuruka. Ukiruka, mahali pale panabaki patupu. Ikishindikana kabisa, iache ilivyo, nikirudi nitaijaribu kwa mashine nyingine."

"Sawa, kaka Filbert."

Mwanzoni Shaima alikaa kama alivyoagizwa. Mashine ilisimama, akabofya, ikajaribu tena. Ikasimama tena. Ikatoa mlio wa kukwaruza, ikaenda kidogo, ikasimama. Kiti kilikuwa kigumu na joto la chumbani lilikuwa kali.

Ndipo Shamsa, rafiki yake wa darasani, alipochungulia mlangoni.

"Mambo?"

"Poa."

"Twende sokoni Mchikichini. Wamefungua marobota mapya ya viatu. Tukichelewa, wenzetu watabeba vyote vizuri, sisi tuende mahafali na makubazi!"

"Nina kazi."

"Si kompyuta ndiyo inayofanya? Wewe unaitazama tu."

Shaima alitazama kioo. Mashine ilikuwa imesimama tena, inamuuliza. Kidole chake kilikaa juu ya kipanya. Kulikuwa na kitufe kingine chini kabisa, cha kuruka sehemu zote mbovu bila kuulizwa tena. Akakibofya. Mara ile ile mashine ikaanza kwenda mbio, na muda si mrefu maandishi yakatokea kwamba kunakili kumekamilika. Aliliangalia faili. Lilikuwa kubwa, zima, kama mengine yote. Akafunga mlango kwa ufunguo, akateremka ngazi na Shamsa huku wakicheka.

Aliporudi na viatu vyake vyeusi kwenye mfuko, Ami Talha alikuwa amekwisha kufika, yuko mlangoni anatafuta ufunguo wake wa akiba.

"Umemaliza ile ya Bi Nunu?"

"Ndiyo, Ami."

"Umelipachika ukalitazama?"

Ingetosha kusema bado. Wangelipachika wakati ule ule na kulitazama pamoja. Lakini mfuko wa viatu ulikuwa mkononi mwake, na aliona aibu.

"Nimelitazama lote, Ami. Liko vizuri."

"Hongera, binti yangu," akasema Ami Talha, akamshika kichwa kwa furaha. Jioni ile Filbert aliporudi, alilihamishia faili kwenye flashi, na kutoka kwenye flashi kwenda kwenye kompyuta mpakato ya Ami. Mzee Abdulhamid hakuweza kupanda ngazi za Kariakoo, kwa hiyo Ami aliahidi kumpelekea harusi ya binti yake mpaka kitandani.

Ijumaa baada ya swala, Ami Talha alimchukua Shaima wakaenda Magomeni. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba kila upande. Ndugu walikuwa wamekusanyika, wengine wamekaa kwenye mkeka, wengine wamesimama mlangoni. Mzee Abdulhamid aliinuliwa akaegemezwa kwenye mito. Alikuwa amevaa kanzu safi na kofia, kama mtu anayekwenda harusini kweli. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umelegea.

Ami Talha aliweka kompyuta kwenye stuli, akalipachika faili kwenye draivu hewa, na picha ikaanza. Ngoma zikalia. Wanawake wakapita na sinia za maua. Bi Nunu akaonekana, mnene kuliko sasa na mwenye kucheka, na watu chumbani wakapiga vigelegele vya chini chini. Kisha akatokea Maimuna mwenyewe, hina mikononi, akipewa kipaza sauti.

"Baba yangu..." akasema.

Picha ikasimama. Uso wa Maimuna ukakatika vipande vipande vya kijivu, kioo kikawa cheusi, kisha ghafla watu wakaonekana wanakula biriani.

"Mbona hasemi?" Mzee Abdulhamid aliuliza. Maneno yake yalitoka kwa shida.

Ami Talha alirudisha nyuma. "Baba yangu..." Vipande vya kijivu. Giza. Biriani. Akalitoa faili, akalipachika upya, ikawa vilevile.

"Mwambieni aseme," mzee alisema. Mkono wake mzima ulikuwa ukipapasa shuka. "Nunu, mwambie mwanao aseme."

Ami Talha alimgeukia Shaima, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Ulipotazama wewe, hapa palikuwaje?"

Watu wote walikuwa wakimwangalia.

"Palikuwa pazuri, Ami," alisema.

Hilo likatosha. Walirudi Kariakoo, na Ami Talha alipoingia dukani alikuwa amewaka hasira.

"Filbert! Umechomoa flashi tena kabla ya kuitoa?"

"Hapana, Bosi. Niliitoa vizuri."

"Faili lilikuwa zima lilipotoka hapa. Shaima alilitazama lote. Ni wewe peke yako uliyeligusa baadaye!"

Filbert alimtazama Shaima. "Mdogo wangu, uliitazama kweli?"

Shaima aliinamisha uso. "Ndiyo."

"Basi, Bosi, turudie," Filbert alisema. "Diski ipo. Nina mashine ya zamani inayosoma polepole. Huenda..."

"Usiiguse!" Ami Talha alipiga meza. "Mzee wa watu analia kwa ajili yako. Ile ya kwanza nilikusamehe. Chukua begi lako uende."

Filbert hakubishana. Alikusanya bisibisi zake, akaviringisha waya wake wa chaja, akatoka. Shaima alisikia hatua zake zikishuka ngazi mpaka zikapotea katika kelele za mtaani. Ami aliifungia diski kwenye droo. Aliamini kuwa imekwisha kufa, kwamba ilisomeka mara moja tu na bahati ile haitarudi.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Shaima alikaa darasani asijue mwalimu anasema nini. Nyumbani alisukuma sahani mbele, mama yake akampima joto la mwili kwa kiganja, akakuta hana homa. Mara kadhaa alisimama nyuma ya kiti cha Ami Talha, akafungua mdomo, akaufunga. Alijiambia atasema kesho. Kesho ilipofika, maneno yalikuwa mazito kuliko jana.

Alasiri moja alimkuta Ami akifunga duka mapema, amevaa kanzu.

"Mzee Abdulhamid amefariki asubuhi," alisema. "Tunakwenda kuzika."

Jioni alipita nyumbani kwa kina Shaima, udongo bado uko kwenye viatu vyake. Shaima na mama yake walimwangalia.

"Dada yake Bi Nunu ameniambia, mpaka jana mzee alikuwa akiuliza," Ami alisema. "Kila mtu anapoingia chumbani: 'Maimuna ameshasema?' Mpaka akashindwa kuuliza."

Shaima alianza kulia. Alilia mpaka akakosa pumzi, na mama yake alipomshika mabega alisema yote, bila kupanga: kitufe cha kuruka, Shamsa, viatu, uongo wa mlangoni, uongo wa Magomeni, uongo mbele ya Filbert.

Alitarajia kupigwa. Ami Talha hakunyanyua mkono. Alimtazama kama mtu asiyemjua, na hilo lilimwumiza zaidi.

"Kwa hiyo hapakunakiliwa," alisema taratibu. "Paliachwa patupu. Na Filbert aliponiambia turudie, mimi nikamfukuza." Akajifuta uso kwa viganja. "Hata mimi nina langu. Nilihukumu kwa hasira. Kesho tutakwenda kumtafuta."

Walimpata Filbert kwenye Mtaa wa Msimbazi, amesimama juani na ubao wa makava ya simu kifuani. Alikuwa amekonda. Alimwamkia Ami Talha kwa heshima, lakini hakutabasamu.

"Kaka Filbert, nilisema uongo," Shaima alisema. Wapita njia walikuwa wakimsukuma. "Sikuitazama. Nilibofya kuruka. Naomba unisamehe."

Mteja akamwuliza Filbert bei ya kava; Filbert akamhudumia kwanza, akarudi.

"Nilikuuliza usoni," alisema. "Ungesema hapana tu, basi. Sasa mtaa mzima unajua mimi naharibu vitu vya watu. Kusamehe nitakusamehe, Shaima, lakini leo bado sijaweza."

Ami Talha alimwomba radhi naye, hadharani, kwa sauti ya kusikika, na akamwomba arudi kazini. Filbert alifikiri. "Ile diski bado ipo?" aliuliza. "Basi nitakuja kwa ajili ya yule mama. Mengine tutayaongea baadaye."

Alileta mashine yake ya zamani, nzito kama tofali. Aliisafisha diski upya, akaiweka, akaielekeza programu isome zile sehemu zilizorukwa tu na kuzijaza ndani ya faili lile lile. Kisha akainuka kwenye kiti na kumwashiria Shaima akae.

Shaima alikaa. Mashine iliposimama, alibofya ijaribu tena. Iliposimama, akabofya. Mgongo ukamwuma, kidole kikafa ganzi, hakuinuka. Walifanya hivyo jioni nyingi. Sehemu nyingine zilikubali baada ya kukataa mara nyingi mno. Kisha utando ukabanduka kabisa, mashine ikakwaruza, na Filbert akasema, "Basi. Tumefika mwisho wake."

Walilipachika faili, wakalitazama lote, mwanzo hadi mwisho, wote watatu. Baadaye Ami Talha alimwambia Shaima, "Hili utalipeleka mwenyewe. Bi Nunu yuko kwenye eda, sisi wanaume hatuingii. Na usimpe tu. Mwambie."

Magomeni, Ami na Filbert walikaa barazani. Shaima aliingia peke yake na kompyuta kifuani. Bi Nunu alikuwa kwenye mkeka, amejifunika nguo nyeupe, tasbihi mkononi. Kitanda cha mzee kilikuwa kimeondolewa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Shaima alipiga magoti na kumweleza. Hakuacha kitu. Bi Nunu alisikiliza huku tasbihi imesimama kati ya vidole vyake. Shaima alipomaliza, kikohozi cha Ami Talha kilisikika kutoka barazani.

"Washa," Bi Nunu alisema.

Ngoma, maua, vigelegele. Maimuna akapokea kipaza sauti. Picha yake ilikuwa ikikatika na kurudi, lakini sauti ilitoka.

"Baba yangu, inua uso, usilie mbele za watu, utaharibu picha." Watu wa harusini wakacheka. "Siendi mbali. Naenda Temeke tu hapo. Ijumaa nitakuja kukupikia, maana mama chumvi hajui." Kicheko kikubwa. "Baba, ulinibeba mgongoni kwenye maji nikiwa mdogo, mimi nakumbuka. Wewe unadhani nimesahau, nakumbuka. Nataka..."

Hapo sauti ikakatika katikati ya neno, na watu wakaonekana wanakula.

"Sauti iliyobaki haikupatikana, Bibi," Shaima alinong'ona. "Diski imekwisha."

Bi Nunu alilia bila sauti, akajifuta kwa ncha ya ushungi. Alipozungumza, hakuwa mkali.

"Nisikilize, mwanangu, na ulishike hili maisha yako yote. Kuchoka na kazi, ukaruka, hilo ni kosa la mtoto. Lingetengenezwa siku ile ile. Maneno haya haya mzee angeyasikia kwa masikio yake. Lakini uliposema umetazama na hukutazama, ulifunga mlango ambao watu wangepitia kwenda kutengeneza. Kijana wa watu akabeba mzigo wako, na mume wangu akaondoka anangoja. Kosa likisemwa mapema, lina dawa. Likifichwa, linaendelea kula, na halichagui linamla nani."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Umekuja mwenyewe, ukapiga magoti, ukasema. Lakini msamaha wangu haumrudishi Mzee Abdulhamid, na sitaki nikudanganye kwamba unamrudisha. Yule kijana naye mpe muda wake. Kila siku sema kweli mbele yake, hata kwenye jambo dogo, mpaka akuamini tena."

Shaima aliitikia kwa kichwa, machozi yakimdondoka mikononi.

Bi Nunu alisogea kwenye mkeka, akampisha nafasi kando yake.

"Sasa rudisha mwanzo," alisema. "Na wewe kaa hapa. Usikilize alichotaka kumwambia baba yake."